Kadi ya Mwenzi na Akiba ya Mwenzi: Matibabu ya Familia ya Mwanaushirika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Mkolani, Mwanza)



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu limeonekana kuwa la chumbani wala si la mkutano. Jambo lenyewe ni fedha za matibabu katika nyumba ya mke na mume. Nani aliyeandikwa katika kadi ya bima? Nani anayeruhusiwa kuchukua akiba chamani mtoto anapougua? Je, mwanamume anaweza kutibiwa kwa kadi ya mkewe, na mwanamke kwa akiba ya mumewe? Haya ni maswali ya kila siku kwa makatibu wetu, na mara nyingi huulizwa kwa haraka, mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa. Yafaa tuyajibu leo tukiwa wazima na tumetulia.

Hali yetu imefikaje hapa

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu lilijitahidi kutoa matibabu bila malipo katika hospitali za serikali. Mpango huo uliwafikia watu wengi, lakini gharama zake zilizidi uwezo wa hazina. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu, ukianzia hospitali kubwa na kushuka ngazi baada ya ngazi. Tangu hapo mwananchi amekuwa na mambo mawili ya kuyatafuta anapougua, yaani mganga na fedha.

Ili fedha zisitafutwe siku ya ugonjwa, mipango ya kuchangia kabla ilibuniwa. Jirani zetu wa Igunga, mkoani Tabora, ndio walioanza mwaka 1996 kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia watumishi wa serikali. Mwezi Novemba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima.

Sisi wa ukanda huu wa ziwa tuna taabu moja ya ziada. Pamba hupandwa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, na huuzwa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mkulima hushika fedha mara moja kwa mwaka. Malaria, homa na kuhara hazingoji msimu wa kununua pamba, bali hupamba moto wakati wa mvua, nyumba ikiwa haina kitu. Mvuvi naye hupata leo na kukosa juma zima. Tofauti hiyo kati ya majira ya fedha na majira ya maradhi ndiyo inayouza mbuzi na ng'ombe wetu kwa bei ya hasara. Chama cha ushirika kisichofikiri juu ya tofauti hiyo kinamwacha mwanachama wake njiani.

Kadi ya mtumishi na haki ya mwenzi wake

Tuanze na nyumba ambayo mmoja ni mtumishi wa umma. Hapa Mkolani, na kuelekea Nyegezi, Malimbe na Buhongwa, nyumba za namna hiyo ni nyingi. Mke ni mwalimu au muuguzi, mume ni mkulima, mvuvi au fundi. Au kinyume chake. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza asilimia 3 nyingine, jumla asilimia 6. Kwa mchango huo hutibiwa yeye mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa, na wategemezi wasiozidi wanne, ambao ni watoto wake, au wazazi, au wakwe.

Mwenzi anayetajwa hapo si mke peke yake. Mume wa mwalimu ana haki ile ile aliyo nayo mke wa mwalimu. Nalisema hili wazi kwa sababu wako wanaume wanaoona haya kutibiwa kwa jina la mke. Huficha ugonjwa, hununua vidonge dukani, na mwishowe hupelekwa hospitali wakiwa hoi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Fedha iliyokatwa katika mshahara wa mke imekwisha kukatwa, mume akienda hospitali au asipokwenda. Kukataa kuitumia hakumwongezei mtu heshima. Kunaiongezea nyumba gharama ya pili, maana duka la dawa nalo litalipwa.

Haki hiyo, hata hivyo, haijitokezi yenyewe. Mwenzi lazima asajiliwe, na usajili huhitaji uthibitisho wa ndoa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa kwa watoto. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tumeoana kimila, ng'ombe wametolewa na wazee wameshuhudia, lakini karatasi hatuna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila, na wakati huo huo inataka ziandikishwe. Kutoandikisha hakuifanyi ndoa kuwa batili, ila kunamfanya mwenzi ashindwe kuonyesha cheti siku anapotakiwa kukionyesha. Ushauri wangu ni kwamba kila mwanachama aliyeoa au kuolewa bila cheti akakitafute sasa, wakati miguu yake ingali na nguvu za kumpeleka.

Kuna pia suala la nyumba yenye wake wawili au zaidi. Sheria yetu ya ndoa inaruhusu ndoa ya namna hiyo, lakini katika kadi ya mtumishi nafasi ya mwenzi ni moja. Mume hawezi kumpeleka mke wa pili hospitali akimwita kwa jina la wa kwanza. Kadi haikopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Anayetibiwa kwa jina la mwingine anafanya udanganyifu, na tena anajihatarisha mwenyewe, kwa kuwa maelezo ya ugonjwa wake huandikwa katika jalada la mtu mwingine. Mume wa wake wawili anapaswa kumtafutia mke asiye katika kadi mpango mwingine, na aufanye kabla hajaugua.

Mipango ya mkulima

Sasa tuje katika nyumba isiyo na mshahara, ambayo ndiyo nyumba ya wanachama wetu walio wengi. Hapa pamekuwa na njia mbili za kuhesabu, na ni muhimu kuzielewa zote mbili.

Njia ya kwanza huhesabu kaya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa kama wetu ilichangia sh. 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Sekou Toure. Katika njia hii hakuna swali la kadi ni ya nani. Mke na mume ni kitu kimoja, na watoto wamo.

Njia ya pili huhesabu vichwa. Mpango wa Ushirika Afya, ulioanzishwa na Mfuko wa Taifa kwa wakulima walio katika vyama vya ushirika, pamba ikiwa miongoni mwa mazao yake, uliweka mchango wa sh. 76,800 kwa mtu mzima na sh. 50,400 kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Tufanye hesabu kwa viwango hivyo. Mume na mke ni sh. 153,600. Watoto wanne ni sh. 201,600. Jumla ya nyumba ya watu sita ni sh. 355,200 kwa mwaka. Hicho si kiasi kidogo kwa mkulima, ingawa wigo wa matibabu ulikuwa mpana kuliko wa Mfuko wa Afya ya Jamii.

Katika njia hii ya pili ndipo hatari inapojificha. Nyumba ikiwa na fedha za kumtosha mtu mzima mmoja tu, nani huandikwa? Mara nyingi huandikwa mwenye namba ya uanachama, naye mara nyingi ni mume. Mke aliyepanda, aliyepalilia na kuchuma pamba ile ile hubaki nje, kwa sababu tu jina lake halimo katika daftari la chama. Sisemi mume asiandikwe. Nasema uamuzi huo ufanywe na watu wawili wakiitazama afya ya kila mmoja wao, na usifanywe na daftari.

Viwango nilivyovitaja ni vya mipango hiyo ilipoanzishwa. Utekelezaji wa Sheria ya mwaka 2023 unakwenda kwa hatua, nao unabadilisha viwango na vifurushi. Kwa hiyo kila katibu aende ofisi ya Mfuko mjini Mwanza kila mwaka kabla ya msimu wa kununua pamba, apate viwango vinavyotumika, avibandike katika ubao wa chama. Aidha, wanachama wakumbushwe kwamba sera ya afya ya mwaka 2007 iliwasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, katika vituo vya serikali. Nyumba isitumie fedha yake ya mwisho kulipia kile ambacho sera imekwisha kukisamehe.

Akiba chamani: sheria inasemaje

Bima hailipi kila kitu. Nauli ya kutoka Misungwi au Sengerema kufika Bugando haimo katika kadi. Chakula cha anayemuuguza mgonjwa hakimo. Dawa isiyopatikana katika dirisha la hospitali hununuliwa nje. Gharama hizo hulipwa kwa akiba, na akiba imo chamani kwa jina la mtu mmoja.

Tulitazame jambo hili kwa sheria. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Akiba ya mume ni yake, na akiba ya mke ni yake. Kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa kadiri ya uwezo wake, na kinampa mke wajibu kama huo pale mume anapokuwa hajiwezi kwa ajili ya ugonjwa au majeraha. Kifungu cha 64 kinaendelea mbele zaidi. Kinamhesabu mke kuwa anayo ruhusa ya kukopa kwa jina la mume, au kutumia fedha za mume zilizo mkononi mwake, kwa ajili ya mahitaji ya lazima ya kwake na ya watoto wadogo, ila kama wametengana.

Je, mtunza hazina anaweza kumlipa mke wa mwanachama kwa nguvu ya kifungu hicho peke yake? La hasha. Fedha iliyo chamani haimo mkononi mwa mke. Imo mkononi mwa chama, na chama kimepewa na mwanachama. Mtunza hazina anayetoa fedha bila saini ya mwenye akiba anavunja amana, hata kama moyo wake ni mwema. Anayekataa kutoa wakati mume yuko kisiwani Ukerewe anavua, na mtoto anapumua kwa shida, anafuata kanuni, lakini kanuni hiyo inamwumiza mwanachama yule yule iliyowekwa kumlinda. Ndugu Wajumbe, kosa hapo si la mtunza hazina. Kosa ni la mkutano uliokaa mwaka baada ya mwaka bila kuandika kanuni iliyo bora zaidi.

Mfano kutoka mbali

Si sisi peke yetu tuliokutana na swali hili. Nchini Marekani, tangu sheria ya kodi ya mwaka 1978, mfanyakazi ameruhusiwa kutenga sehemu ya mshahara wake, kabla haujatozwa kodi, iwekwe katika akaunti maalumu ya matibabu. Mpango huo una mambo manne yanayostahili kutazamwa.

Kwanza, fedha ya akaunti hiyo hulipia matibabu ya mwenye akaunti, ya mwenzi wake na ya wanaomtegemea. Mume hulipiwa kwa akaunti ya mke, na mke kwa ya mume, bila kujali nani ndiye mwenye mshahara. Pili, gharama moja hulipwa mara moja tu. Ikiwa mke na mume wana akaunti mbili, stakabadhi iliyokwisha kulipwa upande mmoja haiwezi kupelekwa upande wa pili. Tatu, kiasi chote alichoahidi mtu kwa mwaka huweza kutumika tangu siku ya kwanza, hata kama makato yake hayajatimia. Nne, kwa miaka mingi fedha isiyotumika hadi mwisho wa mwaka ilipotea, hata mwaka 2013 walipoanza kuruhusu sehemu ndogo, isiyozidi dola 500 wakati huo, ivushwe kwenda mwaka wa pili.

Jambo la nne hatuna haja ya kuliiga. Akiba haiozi, nasi hatuna sababu ya kuiozesha kwa makusudi. Jambo la tatu ndilo lenye faida kubwa kwetu, kwa sababu linatibu ule ugonjwa wa majira niliousema mwanzoni. Mwanachama aliyeahidi sh. 60,000 kutoka katika pamba ya mwezi Julai anaweza kuugua mwezi Machi. Chama kinachomwamini kuhusu pembejeo kwa dhamana ya pamba yake kinaweza pia kumwamini kuhusu matibabu.

Fungu la matibabu: pendekezo

Kwa hiyo napendekeza vyama vifikirie kuanzisha fungu la matibabu kwa taratibu zifuatazo.

Moja. Fedha zenyewe zitunzwe na chama cha akiba na mikopo chenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Chama cha mazao kikate tu kwa idhini ya maandishi ya mwanachama na kuwasilisha. Fungu hili lisichanganywe na fedha za kununulia pamba hata kwa siku moja.

Mbili. Kiasi kiwe cha hiari. Mwenye kilo 600 za pamba akikubali kukatwa sh. 100 kwa kilo, ametenga sh. 60,000. Mchuuzi wa sokoni akiweka sh. 1,000 kila juma, ametenga sh. 52,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu. Siku ya kujiunga, mwanachama aandike jina la mwenzi anayeruhusiwa kuchukua, picha ibandikwe, na wote wawili watie saini mbele ya katibu. Hii ndiyo saini inayokosekana siku ya dharura. Mwenye wake wawili agawe fungu lake sehemu mbili, kila mke na sehemu yake. Mwanachama akiwa mke, basi mume ndiye aandikwe, kwa masharti yale yale.

Nne. Katika dharura, mtunza hazina na mjumbe mmoja wa kamati wakubaliwe kutoa hadi kiasi kilichoahidiwa, hata kama hakijakatwa bado. Stakabadhi za hospitali, dawa au nauli ziletwe katika siku 14. Asiyezileta, kiasi hicho kigeuzwe mkopo wa kawaida wa mwanachama. Stakabadhi iliyolipwa na bima, au na fungu la mwenzi, isilipwe tena.

Tano. Jina la ugonjwa lisiandikwe katika daftari. Kamati inahitaji kujua kiasi na tarehe, basi. Mke anayejua kwamba maradhi yake yatasomwa mkutanoni hatakuja kuchukua fedha, na hapo fungu litakuwa limekufa.

Sita. Ndoa ikivunjika au mwenzi akifariki, mwanachama abadilishe jina mara moja. Baki ya mwaka ivuke kwenda mwaka wa pili, au itumike kulipia mchango wa bima. Matumizi hayo ya mwisho ndiyo bora, maana yanazifunga kadi na akiba kuwa kamba moja.

Hoja ya uaminifu

Najua wako watakaosema kwamba mwenzi anaweza kuchukua fedha za matibabu akanunulia khanga au pombe. Inawezekana. Lakini tazameni ukubwa wa hatari hiyo. Kiasi kina kikomo, stakabadhi zinadaiwa, na mwanachama mwenyewe ndiye aliyemteua huyo mwenzi. Asiyemwamini mwenzi wake kwa sh. 60,000 yuko huru kutomwandika, na amwandike mama yake au kaka yake. Tunachokataa ni sehemu hiyo ya fomu kuachwa tupu.

Wazee wetu walipoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, walikuwa wamechoka kuibiwa katika mizani. Walijua kwamba mkulima mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Vivyo hivyo mkulima mmoja hana nguvu mbele ya dirisha la malipo la hospitali saa nane za usiku. Umoja uliomlinda kwenye mizani unaweza kumlinda pale pia, ikiwa tutaandika kanuni zake mapema.

Kwa hiyo naomba kila chama kitoke hapa na kazi tatu. Makatibu wahesabu ni wanachama wangapi hawana cheti cha ndoa wala vyeti vya watoto, na wawaelekeze pa kuvipata. Watunza hazina wahesabu ni wanachama wangapi hawajaandika jina la mwenzi katika fomu zao. Wenyeviti waweke fungu la matibabu katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na wahakikishe kwamba wake na waume wa wanachama wanaalikwa kusikiliza, kwa kuwa jambo linalozungumzwa ni uhai wao.